Ndege akiingia ukumbini, anza na taa

Shomoro akijikuta ndani ya kituo cha treni au jengo la abiria la uwanja wa ndege, usimkimbize. Ndege aliyetishwa hupanda juu, na huko juu kuna kenchi, mabomba na vioo vya paa. Ataufuata mwanga wa vioo hivyo, avigonge mpaka achoke, na mlango ulio wazi chini asiuone.

Kinachotakiwa ni kuhamisha mwanga. Zima taa za juu, funika vioo vya paa kwa turubai kama vinafikika, kisha acha wazi mlango mmoja upande wenye mwanga mwingi na uwaondoe watu hapo. Ukumbi ukiwa mkubwa mno kufunikwa, subiri alfajiri: watu ni wachache, taa zimezimwa na mlango ndio unaong'aa. Usiku ni kazi bure. Wakati wa kusubiri weka sahani pana ya maji, maana ndege mdogo huishiwa nguvu upesi.

Mgeni huyo ni tofauti na mkaazi, yaani shomoro anayeishi humo jengoni. Shomoro mkaazi anajua njia. Katika kituo cha mabasi cha Hamilton, New Zealand, shomoro walionekana wakipepea mbele ya kihisi, kifaa kinachofungua mlango kikihisi mtu, mpaka mlango ukafunguka. Kinachowaweka ndani ni makombo, kwa hiyo meza zifutwe mara kwa mara na mapipa yawe na vifuniko. Sauti za kutisha za kurekodi huzizoea baada ya muda.

Kabla ya kuziba tundu lolote wanamoweza kujenga kiota, chungulia nyuma ya taa na ndani ya herufi za mabango. Shomoro huatamia siku 11 hadi 14, na makinda hukaa kiotani kama wiki mbili zaidi. Ukiziba mapema, makinda watakufa humo na kuoza, ukatili usio na sababu yoyote. Subiri watoke.

Wavu wa kuzuia shomoro uwe na matundu ya milimita 19. Ule wa milimita 50 ni wa njiwa, shomoro hupenya. Uvutwe ukaze kwenye waya wa chuma, kwani ukilegea ndege hunasa. Gundi ya kunasia usiitumie kamwe.

Kinyesi kikavu kilowanishe kabla ya kukikwangua, na uvae barakoa inayobana vizuri: vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu.