Hakuna Risasi: Mashindano ya Hadithi za Free Fire Kando ya Ziwa

Kanuni iliyozua kelele kuliko zote ilikuwa fupi: hakuna risasi. Hadithi yoyote itakayoletwa, mhusika asifyatue bunduki hata mara moja. Nilipoituma kwenye kundi letu la Free Fire, gemu ya simu ya kupigana, usiku ule simu haikunyamaza. "Dada Admini, sasa tutaandika nini?" "Dada, hiyo ni Free Fire au ngonjera?" Dogo mmoja wa Igoma aliniandikia kwa upole kabisa kwamba ananiheshimu kama dada yake wa damu, lakini hapo nimeua gemu.

Nilikuwa nimeifikiria muda mrefu. Kundi letu lina watu wa Mwanza mjini, Magu, Sengerema, Musoma, Bukoba na visiwa vya Ukerewe. Wengi tulikutana humo humo ndani ya gemu, uso kwa uso hatujaonana. Hadithi zilianza kuja zenyewe kabla sijatangaza lolote, maana mtu akishacheza na wahusika wa gemu kama Kelly au Hayato miaka miwili mitatu, anaanza kumtungia maisha. Ila karibu zote zilikuwa za njia moja: tumeshuka Clock Tower, nimeokota bunduki, nimemlaza wa kwanza, nimemlaza wa pili, wa tatu kajificha nyuma ya jiwe, booyah, yaani nimeshinda. Nilizisoma zote, na kila nikimaliza moja naona hii nimeshaicheza. Mapigano gemu inanipa yenyewe, kwa dakika kumi hivi, kwa rangi na kwa sauti. Hadithi ikija kushindana nayo hapo, itapigwa tu. Nilitaka kuomba kile ambacho gemu haitoi.

Mada ikawa "Kabla ya Kuruka". Asiyecheza nimweleze kidogo. Free Fire, tangu ilipotoka mwaka 2017, raundi yake ya kawaida inaanza na watu 50 ndani ya ndege inayopita juu ya kisiwa. Kila mtu anachagua pa kuruka, anafungua parachuti, anatua mikono mitupu, anatafuta silaha majumbani, na eneo salama linazidi kubana mpaka abaki mmoja au skwadi moja ya watu wanne. Mle ndani ya ndege huoni sura ya mtu. Watu 50 wanaokwenda kuwindana wamepanda chombo kimoja, wamekaa bega kwa bega, na gemu haisemi neno juu yao. Hapo ndipo nilipotaka waandishi wangu wakae kwanza.

Mwalimu wa Kiswahili aliyekubali kuwa jaji aliniuliza swali zito. Kwa nini vijana wasitunge wahusika wao? Tangu 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, si wakajaribu huko? Nikamwambia, watafika, mwalimu. Anayeanza kuandika ana mizigo mingi kichwani: atunge mtu, atunge mahali, atunge jambo, na sentensi nazo zinyooke. Ukimpa Kelly, mzigo mmoja umeshushwa. Wasomaji wote wanajua Kelly ni mkimbiaji, kwa hiyo mwandishi anaweza kuingia moja kwa moja kwenye kile anachotaka kusema kuhusu kukimbia. Na Sungura wa hadithi za bibi zetu, nikaendelea, kila bibi amemfanyia lake, na hakuna aliyewahi kuomba kibali. Mwalimu akacheka. "Lakini Sungura hana kampuni, binti yangu."

Kweli hana. Kelly ni wa Garena, kampuni ya Singapore, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inampa mwenye kazi haki ya kuigeuza kazi yake. Kwa hiyo hakukuwa na kiingilio, hakuna kuuza kijitabu, hakuna kuweka nembo ya gemu kwenye tangazo, na kila hadithi mwanzoni inataja wahusika ni mali ya nani. Hadithi za mashabiki zimeishi hivyo kwingine pia. Ghala lao kubwa la mtandaoni, Archive of Our Own, lililofunguliwa 2009, linaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, na mwaka 2019 lilipata tuzo ya Hugo. Zawadi zetu zilikuwa daimondi za gemu na bando, kutoka mapato ya steshenari yangu hapa Nyegezi. Wengi wa waandishi bado wako shule na simu ni za wazazi, kwa hiyo niliongea na mama zao kwanza. Majina halisi hayakutoka nje.

Tarehe ya mwisho niliipanga kwa kuangalia mwezi angani. Tunao wanachama walio kambi za dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani walitumia karabai, sasa wengi wana taa za sola zinazoelea juu ya maji. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, basi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanafua, wanacheza gemu. Ningefunga mashindano wakati wa giza, ningekuwa nimewafungia mlango bila kusema. Nikaweka mwisho siku chache baada ya mwezi mpevu, na kuna mtu wa mjini alilalamika kwamba tarehe hiyo haieleweki. Nilimwambia atoke nje usiku atazame juu.

Nikaruhusu pia voisi. Kuna watu wanasimulia vizuri kuliko wanavyochapa, na kidole kilichoshika kamba ya wavu usiku kucha hakitaki kuhangaika na vitufe vidogo. Ukomo wa maandishi ulikuwa maneno 800, wa sauti dakika tano. Voisi nilizichapa mwenyewe, jioni wateja wakipungua, spika ya simu sikioni. Kazi hiyo ina heshima yake. Msimuliaji akisema jambo mara mbili, je, amerudia kwa kusahau au ameligonga kusudi? Akinyamaza, naweka nukta au naanza aya? Kila nilipomaliza nilimsomea mwenyewe kwa simu neno kwa neno, na asiposema "hiyo ndiyo" hadithi haikuingia kwenye bahasha.

Kisha majaji wasijue nani kaandika nini. Namba sikuzitaka, maana namba husahaulika, na hadithi ya kwanza na ya saba zinaanza kuonekana kama zina vyeo. Nikazipa majina ya samaki wa ziwa letu: Sato, Ningu, Furu, Gogogo, Kamongo, Kambale, Domodomo, Soga. Sangara sikumpa mtu, kwa sababu ya jinsi alivyowala furu tangu alipoletwa ziwani. Njia hii naipendekeza kwa yeyote. Majaji walikumbuka kila hadithi mpaka mwisho, wakabishana kwa majina: "Gogogo ana mwanzo mzuri lakini anachoka katikati." "Domodomo amesema yote, hajaniachia mimi msomaji kitu."

Baadhi ya wanachama walitaka mshindi apatikane kwa kura za kundi. Wakanitajia Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana, kwamba hata wazee wetu kwenye ngoma walimwachia hukumu mtazamaji. Ni hoja nzuri na niliitafakari. Kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahamia kwenye ngoma iliyowavuta; penye umati ndipo penye ushindi. Lakini pale mtazamaji amekuja kwa miguu yake, vumbi linampata, masikio yake yanasikia ngoma zote mbili kabla hajaamua asimame wapi. Kwenye simu mtu anapiga kura bila kufungua hadithi hata moja, na gildi, yaani kikundi cha wachezaji ndani ya gemu, yenye watu wengi inamchagua mtu wake. Ningekubali kura kama ningekuwa na njia ya kuhakikisha kila mpiga kura amezisoma zote. Sina. Tukabaki majaji watatu: mwalimu, mimi, na kijana wa Kirumba anayecheza kuliko sisi sote.

Zilikuja pia hadithi zilizoandikwa na akili mnemba. Unazijua upesi: Kelly hana njaa, hana mama, anatazama upeo wa macho na kuapa kuwa shujaa. Sikumtuhumu mtu. Nilimpigia kila ambaye hadithi yake ilikuwa inapanda juu na kumwuliza mambo madogo: huyu aliyekaa dirishani ametoka wapi? Kwa nini umemvalisha koti? Mwenye hadithi yake anaongea mpaka vocha inakata, anakueleza hata yale aliyoyaacha. Asiye nayo anasema atanipigia baadaye.

Sasa niwaambie hadithi mbili zilizotugawa.

Ningu ilimchukua Olivia, ambaye kwenye gemu ni nesi. Mwenzake akianguka na yeye akamwinua, anainuka na uhai zaidi. Mwandishi alimkalisha kwenye ndege akihesabu bandeji. Anahesabu bandeji, kisha anahesabu watu. Bandeji zinatosha skwadi yake. Anatazama wale 46 waliobaki, na mazoea ya zahanati yanamrudia: kwanza unamwona aliye mbele yako, ya nani ni mwenzako yanakuja baadaye. Anamwuliza kijana aliyekaa naye, "Unaitwa nani?" Swali ambalo katika ndege ile halijawahi kuulizwa. Kijana anajibu kwa jina la mama yake, mama fulani wa mahali fulani, kama mgonjwa anayejitambulisha kwa mtu atakayekwenda kutoa taarifa nyumbani. Mlango unafunguka. Imeisha. Mwandishi ni binti wa Buzuruga anayecheza kwa simu ya kaka yake, na aliandika chini ya maneno 600.

Kamongo ilikuja kwa voisi, upepo mwingi na injini ya mtumbwi nyuma. Kelly yuko ndani ya ndege usiku. Chini kuna giza, halafu anaona taa, safu baada ya safu, zimepangika kama mitaa ya mji mkubwa. Anajua mbio zake: akitua wa kwanza kwenye mji huo, hakuna atakayemfikia. Anaruka peke yake. Taa zile ni za dagaa. Anadondokea ziwani katikati ya mitumbwi, na mbio zake zote majini hazimsaidii kitu. Wanamvuta kwa wavu. Nahodha anamfokea kwa hasira ya kweli, kwa sababu kishindo chake kimewatawanya dagaa waliokusanyika tangu saa tatu usiku. Hakuna anayemwuliza habari za kisiwa wala za bunduki. Wanampa sweta, wanampa ugali, wanamwambia akae upande wa kushoto mtumbwi usilale. Anauliza nani atamrudisha ndegeni. Wanamwambia asubiri kuche, kwanza dagaa washushwe mwaloni na waanikwe.

Mwalimu alisema Kamongo imetoka nje ya mada, maana Kelly anaruka mapema mno, na mada ni kabla ya kuruka. Kijana wa Kirumba alikubaliana naye, kwa sababu yake mwenyewe: Olivia wa Ningu ni yule yule wa kwenye gemu, amezidishwa tu, lakini Kelly wa Kamongo angeweza kuwa mtu yeyote. Mimi nilisema Kelly yule hajaingia kwenye mchezo bado. Anatua mahali ambapo mchezo haupo. Na hawezi kuwa mtu yeyote, kwa sababu hadithi nzima inasimama juu ya miguu yake, inampeleka mahali miguu haifai. Tulibishana mpaka mwalimu akachelewa daladala. Kura zikawa mbili kwa moja, Ningu ikashinda. Ni hadithi nzuri na imestahili. Mimi bado nasema Kamongo, na nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza.

Kila mwandishi nilimrudishia maoni kwa maandishi, hata wa mwisho. Mambo mawili tu: sentensi moja niliyoendelea nayo baada ya kufunga simu, na swali moja ambalo hadithi yake haikunijibu. Hii ndiyo kazi iliyokula muda kuliko yote, na ndiyo nisiyoweza kuiacha. Daimondi zinaisha kwa raundi chache. Lakini dogo wa Igoma, yule aliyesema nimeua gemu, alileta hadithi ya rubani. Kila mchezaji ana jina, rubani hana, na kila siku anawapeleka watu 50 na kurudi na ndege tupu. Nilimwuliza: akifika nyumbani, anamwambia nini mkewe? Siku iliyofuata akaniletea hadithi nyingine, jibu lake, ingawa mashindano yalikuwa yameshafungwa. Nimeisoma mara nyingi.

Mashindano yajayo mada yake ni "Wa Hamsini", yule anayetoka wa kwanza katika kila raundi, ambaye skrini haimpi hata sekunde ya kuombolezwa. Kanuni ya risasi inabaki, ila safari hii moja inaruhusiwa, na iwe imeshapigwa hadithi inapoanza. Mwisho ni siku ya tatu baada ya mwezi mpevu ujao. Natafuta jaji mwanamke mmoja zaidi, na mtu wa Bukoba au Musoma atakayenisaidia kuchapa voisi za upande wake, awe na sikio zuri na uvumilivu wa kumsomea mtu hadithi yake mpaka aseme "hiyo ndiyo". Karatasi na wino viko kwangu.