Jinsi nilivyotatua jina la .local lililokataa kufunguka

Stima zikirudi hapa Kisauni, ruta inaweza kugawa anwani mpya, ndiyo maana seva ya nyumbani naiita kwa jina. Lakini `ping seva.local` ilileta "Name or service not known", ilhali `ping 192.168.1.20`, anwani ya seva hiyo, ilijibiwa.

Majina ya .local hutafutwa ndani ya mtandao wa nyumbani na programu iitwayo Avahi, basi nikaanza na `avahi-resolve -n seva.local` kwenye laptopu yangu ya Linux. Anwani ikatoka sawasawa: Avahi ni nzima pande zote, na fayawoli haijaziba poti ya UDP 5353. Basi kasoro iko kwenye laptopu. Programu za kawaida haziulizi Avahi zenyewe. Hufuata mstari wa `hosts:` katika `/etc/nsswitch.conf`. Wangu ulikuwa `files dns` tu, yaani faili la `/etc/hosts` kisha DNS, swali likaishia kwa ruta isiyojua lolote kuhusu .local.

Nilisakinisha `libnss-mdns`, inayoleta `mdns4_minimal`, kiungo cha kupeleka maswali ya .local kwa Avahi, nikahakikisha mstari unasomeka:

`hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns`

Mpangilio una uzito wake. Kama mstari wako una `resolve [!UNAVAIL=return]` (njia ya systemd-resolved), tanguliza `mdns4_minimal`, la sivyo utafutaji unaweza kukatika kabla ya kuifikia. Pima kwa `getent hosts seva.local`, inayofuata mstari huo huo. Usipime kwa `dig`, huuliza DNS moja kwa moja na haisomi `/etc/nsswitch.conf` kabisa.