Namba 7 juu ya wingu: nilivyojifunza kutunza filamu za 120

Picha ile niliisubiri wiki nzima. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, nikainua negativu dirishani, na pale juu ya wingu nikaona namba 7, hafifu lakini inasomeka, na madoadoa yametapakaa anga lote.

Filamu ya 120, ile pana ya roli, haina kibweta kama ile ya kawaida ya 35mm. Imeviringishwa pamoja na karatasi yenye namba, na karatasi hiyo inalala juu ya filamu muda wote. Unyevu ukiingia kati yao, karatasi huacha alama. Na unyevu niliuingiza mwenyewe: nilikuwa natoa roli kwenye friji na kuchana kifuko papo hapo kwa kuwahi mwanga wa asubuhi. Filamu ya baridi ikikutana na hewa ya joto hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu.

Siku hizi roli za kesho nazitoa usiku, zikiwa bado ndani ya vifuko vyake. Zilizotoka kwenye friji zingetosheka na saa mbili tatu. Za kwenye friza nazipa usiku mzima. Zilizobaki nimezifungia ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Filamu za kasi kubwa, yaani zinazohitaji mwanga kidogo, kama ISO 3200 (ISO ni kipimo cha kasi hiyo), silimbikizi, maana huchakaa upesi hata kwenye baridi.

Kuhusu kuchagua, nilianza na ISO 100 nikiogopa chembechembe za filamu za kasi, lakini inahitaji mwanga mwingi, nikaambulia picha zilizotikisika. Negativu ya 6x6 (takriban sentimita sita kwa sita) ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya 35mm, kwa hiyo chembechembe za ISO 400 hazisumbui. Sasa napiga HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe na Portra 400 kwa rangi. Portra ukiizidishia mwanga hata stopu mbili (mara nne ya mwanga), inakuvumilia. Velvia 50 naipenda mno kwa rangi zake, ila haisamehi kosa la mwanga, na roli moja ina picha 12 tu, hivyo naitoa nikiwa na tripodi na kipima mwanga.

Roli ikiisha naitoa kivulini, nakunja ncha, nalamba utepe na kuibana barabara. Ikilegea, mwanga hupenya pembeni. Naipeleka kusafishwa wiki hiyohiyo.

Wingu lile nimelipiga tena, na safari hii anga ni safi.