Kelele Kwanza, Vyanzo Baadaye

Ukiifungua orodha ya GLEAM, upimaji wa anga kwa mawimbi ya redio, ndani ya TOPCAT, programu ya kusomea majedwali ya wanaastronomia, inakuambia papo hapo: mistari 307,455. Kila mstari ni chanzo kimoja cha redio, yaani kitu cha angani kinachotoa mawimbi ya redio, na kila kimoja kimebeba safu zaidi ya 300 za namba. Mgeni hukimbilia safu ya nguvu ya chanzo, apange kuanzia kikubwa hadi kidogo. Sisi safu tunayoirudia kila mara ni ile isiyopigiwa debe na mtu, ya kelele ya mahali, yaani picha imechafuka kiasi gani pale pale chanzo kilipokaa. Bila hiyo, namba nyingine zote ni uvumi.

GLEAM ilipimwa kwa darubini ya redio ya MWA (Murchison Widefield Array), huko Murchison, Australia Magharibi, kwenye ardhi ya Wawajarri Yamaji. Ukitarajia masahani makubwa utavunjika moyo. Chini kuna wavu wa chuma, juu yake antena 16 zinazofanana na buibui waliosimama. Hicho ni kigae kimoja, na vigae vilikuwa 128. Hakuna kinachogeuka. Mwelekeo unachaguliwa kwa kuchelewesha mawimbi ya antena moja moja kabla ya kuyajumlisha, kisha dunia inaachwa izunguke na anga lijipitishe lenyewe. Kila baada ya dakika 2 bendi, yaani kipande cha masafa kinachosikilizwa, inabadilishwa. Bendi ni tano, kwa hiyo ndani ya dakika 10 zote zimeguswa, kuanzia megahezi 72 hadi 231. Kati ya 134 na 139 pameachwa wazi makusudi: satelaiti za Orbcomm zinarusha mawimbi kwenye 137, na hakuna jangwa la kujifichia kitu kinachopita utosini. Redio za FM nazo zimo humo humo, 88 hadi 108. Kituo kiko mbali na miji, lakini ndege ikipita juu inaakisi matangazo hayo kama kioo. Programu ya AOFlagger ndiyo inayokata vipande vilivyochafuka kabla picha haijatengenezwa.

Halafu kuna ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Inapinda mawimbi, na chanzo kinaonekana pembeni kidogo ya mahali pake. Msogeo huo unakua kwa mraba wa urefu wa wimbi, kwa hiyo kwenye megahezi 76 ni karibu mara 9 ya ule wa 227. Dawa yake ni kulinganisha na orodha za masafa ya juu, mfano NVSS ya megahezi 1,400, ambako ionosfia haina nguvu ya kutosha kuleta fujo. Ila usidhani ukishasahihisha wastani umemaliza. Picha za dakika mbili mbili zinapolundikwa, mabaki ya msogeo yanalitanua doa, yaani umbo ambalo darubini inakichorea chanzo kidogo kama nukta: kilele kinashuka, jumla inabaki palepale. Asiyejua atasema chanzo ni kipana, na huenda akaanza kuandika kuhusu galaksi yenye mabawa, yaani mawingu ya redio pande zake mbili. Ndiyo maana orodha ya GLEAM imebeba ukubwa wa doa la darubini kwa kila chanzo peke yake. Ukitaka kujua kama chanzo ni kipana kweli, kilinganishe na doa la mahali pake. Doa la wastani la picha nzima litakudanganya.

Sasa kelele yenyewe. Inapimwa na BANE, programu inayotembeza kisanduku juu ya picha, ikitupa pikseli zinazozidi mno, kisha kukadiria usuli na mtawanyiko wa zilizobaki. Kisanduku cha kawaida kina upana wa madoa 20 hivi. Kikiwa kidogo mno, chanzo kikubwa kinajihesabu chenyewe kuwa kelele na majirani zake dhaifu wanafutika. Kikiwa kikubwa mno, hutaona kwamba ukingoni mwa chanzo kikali kelele imepanda maradufu, na utavuna vyanzo hewa kama uyoga baada ya mvua. Kati ya makosa hayo mawili, bora la kwanza. Chanzo kilichokosekana kitaonekana kwenye upimaji ujao, lakini cha uongo kikishaingia kwenye orodha watu wanakinukuu miaka na miaka.

Baada ya hapo programu nyingine, Aegean, inatafuta vyanzo. Inaanzia kwenye pikseli inayozidi sigma 5, yaani mara tano ya kelele ya mahali, inapanua kisiwa cha pikseli hadi sigma 4, kisha inakiwekea umbo la kengele lenye duaradufu. Watu huuliza kwa nini 5 na si 3. Hesabu ni hii. Eneo la orodha ni digrii za mraba 24,831, na doa lina upana wa dakika 2 za tao hivi (dakika 60 ni digrii moja), kwa hiyo anga lote hilo lina nafasi za madoa kama milioni 20. Kelele ikiwa safi, yenye mtawanyiko wa umbo la kengele, sigma 3 itakupa vyanzo hewa kama 26,000. Sigma 4 itakupa mia sita na kitu. Sigma 5, kama sita tu.

Sita ni ndoto, lakini. Kelele halisi si safi: ina viwimbi vya pembeni vya vyanzo vikali na mabaki ya usafishaji. Kuna mtego mzuri wa kuipima. Geuza picha, hasi iwe chanya, kisha tafuta tena kwa kizingiti kile kile. Katika picha ya namna hii hatutegemei chanzo chenye nguvu hasi, kwa hiyo kila utakachokamata ni kelele iliyovaa ngozi ya chanzo. Orodha iliyochapishwa 2017 na Natasha Hurley-Walker na wenzake ilitangaza uhakika wa asilimia 99.97. Piga hesabu: ni mistari kama 90 ya uongo ndani ya 307,455. Hatujui ni ipi, ila tunajua ni kiasi gani, na hilo linatosha kufanyia kazi.

Historia ina funzo lake hapa. Orodha ya 2C ya Cambridge, mwaka 1955, kwenye megahezi 81.5, ilikuwa na vyanzo 1,936. Watu wa Sydney walipopima sehemu ya anga lile lile kwa darubini ya Mills, vingi havikuonekana. Shida ilikuwa msongamano: vyanzo dhaifu kadhaa vikiangukia doa moja pana hujumlishwa na kujionyesha kama kimoja kikali. Kipimo cha mkono kinasema usishuke chini ya madoa 20 au 30 kwa kila chanzo. GLEAM ina madoa zaidi ya 60, kwa wastani. Wastani, tunarudia, maana pembe zenye kelele kidogo zina msongamano zaidi.

Vyanzo hutafutwa kwenye picha moja pana ya megahezi 170 hadi 231, kisha nguvu yake inapimwa kwa lazima mahali hapo hapo kwenye bendi ndogo 20, kila moja megahezi 7.68. Hapa ndipo watumiaji wengi wanajikwaa. Chanzo dhaifu kinaweza kupata namba hasi kwenye bendi fulani, na namba hiyo ni halali. Ukiifuta, au ukachukua logi nayo ikapotea kimya kimya, unabakiza zilizobahatika kupanda juu tu, na mteremko wa spektra, yaani jinsi nguvu inavyobadilika kulingana na masafa, unapinda. Chanzo cha kawaida chenye mteremko wa -0.8 na janski 1 (kipimo cha nguvu ya redio) kwenye megahezi 200 kinapaswa kuwa na 2.2 hivi kwenye 76. Kikikataa, chunguza kwanza namba hasi ulizitupa wapi. La pili: bendi ndogo zilizotoka kwenye bendi moja kubwa zinashiriki makosa. Ukizihesabu kama mashahidi 20 wasiojuana, kosa lako la mteremko litakuwa dogo kuliko ukweli.

Kuhusu kosa la mahali pa chanzo, kanuni ya haraka: gawanya upana wa doa kwa mara mbili ya uwiano wa nguvu kwa kelele. Kwa sigma 5, sekunde 120 za tao unazigawa kwa 10, unapata 12. Ndani ya duara hilo darubini ya mwanga inaweza kukuonyesha galaksi zaidi ya moja, kwa hiyo pitia kwanza TGSS ya India, orodha nyingine ya redio, yenye doa la sekunde 25. Mara nyingi kinachoitwa chanzo kimoja kwenye GLEAM ni mabawa mawili, na galaksi mama imekaa katikati ambako redio iko kimya.

Na kabla hujatangaza kwamba kitu chako hakitoi mawimbi ya redio kwa sababu hakina mstari, angalia mashimo ya orodha. Mawingu ya Magellan, galaksi jirani zetu, yametolewa. Ukanda wa Njia Nyeupe, digrii 10 kila upande, haumo. Galaksi ya Centaurus A haimo, na vyanzo vikali mno kama Taurus A na Virgo A vimeondolewa pamoja na ujirani wake. Kaskazini ya digrii 30 hakuna kitu.