Matundu ya pini

Chapa zangu za kupinga vita, yaani picha za kuchapwa ninazokusanya, karibu zote zina kasoro. Moja ina matundu ya pini kwenye pembe zote nne; nyingine ilikunjwa, na mkunjo unapita katikati ya uso wa askari. Wauzaji huzishusha bei kwa sababu hiyo, nami hapo ndipo ninapoingia sokoni. Karatasi iliyobandikwa ukutani au kubebwa kwenye maandamano imeshaifanya kazi iliyochapiwa.

Leo nimetazama kwa muda mrefu picha ya CND Soldiers ya Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza (CND ni kampeni ya Uingereza ya kupinga silaha za nyuklia), chapa ya mwaka 2005 ambayo mfuko wangu hauiwezi. Askari mmoja anachora alama ya amani ukutani, rangi nyekundu inachuruzika. Mwenzake ana bunduki, lakini halindi nchi wala mpaka: anaangalia nani anakuja, wasije wakakamatwa kwa kuchafua ukuta. Kila nikimwangalia huyo wa pili nacheka. Michoro hiyo ilianzia mtaani London mwaka 2003, karibu na Bunge, Uingereza ilipoingia vitani Iraki.

Mwaka huohuo wa 2003 ilichapwa Love Is in the Air, yule kijana aliyejifunika uso, mkono umerudi nyuma tayari kurusha, na alichoshika ni shada la maua. Mchoro mkubwa wa kijana huyo uko ukutani Beit Sahour, karibu na Bethlehemu. Nakala 500 zilizochapwa kwa skrini zilitolewa bila sahihi. Siku hizi anayetaka moja atafute mnada, aje na wakili pia.

Cheti cha kuthibitisha kuwa chapa ni halisi ndicho kichekesho. Tangu 2008 kazi za Banksy huthibitishwa na ofisi yake, Pest Control, na cheti huambatanishwa na nusu ya noti bandia ya paundi 10 yenye sura ya Binti Mfalme Diana, iliyochanwa kwa mkono. Nusu ya pili inabaki kwao. Kwa hiyo tajiri mzima anaitunza nusu ya pesa bandia kama mboni ya jicho lake! Sidhani kama ni bahati mbaya.

Mimi nimepata bango lisilo na sahihi wala namba, gundi kavu imeng'ang'ania mgongoni na ukingo wa chini umechanika. Muuzaji ameniuliza kama alisafishe kwanza. Nimemjibu asiliguse, hata hiyo gundi aiache.