Droni ya kwanza ya binti yangu: niliuliza spea kabla ya kamera

Habari ya droni ililetwa nyumbani kwetu na watu wa upimaji. Walikuwa wanarusha ya kwao juu ya mashamba ya mpunga kule Dakawa, jirani na kwa babu, na binti yangu aliyekuwa huko likizo akarudi Morogoro hana hadithi nyingine. Ana miaka kumi na moja, yuko darasa la sita, na akishakamata jambo haliachi. Mimi nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunishawishi kwamba kitu hiki kina faida. Kilichokuwa kinanibana ni pesa. Nikatenga laki moja na nusu, nikamwambia zaidi ya hapo tusiongee.

Kabla ya kwenda dukani nilianza na sheria, maana hili wazazi wengi wanaliruka. Mtandaoni kila mtu anakwambia ukinunua yenye uzito chini ya gramu 250 huna haja ya kibali. Maneno hayo ni ya Marekani. Huko, anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni ya chini ya gramu 250, ingawa hata yeye anatakiwa kufanya mtihani mfupi wa bure wa usalama. Hapa kwetu mambo ya droni yako chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna kanuni zake za mwaka 2018, na kurusha angani ni jambo la kuombewa kibali. Hifadhini ndiyo kabisa, usibebe droni ukaenda nayo Mikumi ukidhani utapiga picha za tembo kimyakimya. Nikaona mtoto wa darasa la sita hana sababu ya kuingia kwenye foleni ya vibali kwa ajili ya kujifunza kuelea. Atarusha ndani. Tuna sebule, na Jumamosi ukumbi wa shule yetu huwa mtupu.

Uamuzi huo wa kurusha ndani ulinisaidia kuliko ushauri wowote niliousoma. Ukishasema ndani, nusu ya vitu vinavyotajwa kwenye boksi havikuhusu tena. Kilomita moja ya nini, wakati ukuta uko mita nne? Droni kujirudisha yenyewe ilikopaa kwa GPS kunasaidia nini chini ya bati? Hata upepo hauna neno, na upepo unaoteremka Uluguru jioni ungekibeba kidude cha gramu arobaini hadi kwa majirani.

Kariakoo nilizunguka na binti yangu mitaa ya kule kwenye simu, Aggrey na jirani zake. Karibu kila duka lina ile ile: ya kukunja mikono, nyeusi, boksi limeandikwa 4K, yaani picha kali sana, kwa herufi kubwa kuliko jina la kitu chenyewe.

"Karibu mama, hii ndiyo inayotembea. 4K, kamera mbili, inapiga hadi kilomita."

"Ahsante mdogo wangu. Mapanga ya akiba, haya yanayozunguka juu, unauza?"

"Yamo humo humo ndani, manne."

"Na yakiisha hayo manne?"

"Mama nawe, mbona unaiombea ivunjike kabla hujailipia!"

Tukacheka wote, lakini jibu hakuwa nalo, na mwenzake wa duka la pili hakuwa nalo, na wa tatu akasema ikiharibika nirudi ninunue nyingine. Hapo nikawa nimeshapata kipimo changu. Droni ya mtu anayejifunza itaanguka, na itaanguka siku ile ile ya kwanza. Kwa hiyo swali la dukani ni nini kinatokea baada ya kuanguka: panga linapatikana? Mota inapatikana? Betri nyingine inapatikana, na inachomoka kwa mkono au imefungiwa ndani?

Kuhusu hiyo 4K, nilimwomba kijana aunganishe na simu yangu tuone. Picha ilikuwa na ukungu, na kila droni ilipoinama ukuta mzima uliinama nayo. Kwenye droni za bei hiyo kamera yenyewe ni ndogo, programu ndiyo inayoitanua picha hadi ifike ukubwa ulioandikwa, na hakuna kishikizo cha kuituliza. Sisemi ni wizi, watoto wengi wanazifurahia. Lakini sehemu ya pesa yako inakwenda kwenye kamera usiyoitaka, badala ya kwenda kwenye kinga za mapanga unazozitaka sana. Mikono mirefu ya kukunja nayo ina bawaba, na bawaba ndiyo inayokatika kwanza.

Kulikuwa na mshindani mmoja wa maana, nikiri nilimtamani: Tello. Ni ya kampuni ya Ryze, teknolojia ya kuruka ni ya DJI na prosesa ni ya Intel. Ilitoka mwaka 2018 kwa dola 99. Ina uzito wa gramu 80 hivi, inakaa hewani dakika kama 13, na chini ya tumbo ina kamera ndogo inayoangalia sakafu ili isiteleze. Zaidi ya yote unaweza kuiandikia programu kwa Scratch, ile ya vitofali vya rangi ambayo binti yangu alishaichezea kwenye kompyuta ya shule. Mwalimu wa fizikia akisikia hivyo moyo unakwenda mbio. Ila haiji na rimoti. Inaendeshwa kwa simu, na simu ya nyumba hii ni moja yenye nguvu, nayo ni yangu, ina M-Pesa, ina magrupu ya wazazi, ina kazi. Tena vidole kwenye kioo havijifunzi kile ambacho vidole kwenye vijiti vinajifunza, kwa sababu kioo hakikurudishii chochote. Bei niliyotajiwa nayo ilikuwa imepita laki moja na nusu kwa mbali.

Tukaangukia kadude ka ukubwa wa kiganja, hakana kamera, mapanga yake manne kila moja limezungushiwa duara la plastiki. Rimoti ya vijiti viwili inayotumia betri za kawaida. Elfu themanini na tano baada ya kupatana. Muuzaji huyu alikuwa dada mmoja mwenye kabati la kioo lililojaa vipande: mapanga kwenye vifuko, mota zenye nyaya, betri. Nikanunua hapo hapo betri mbili za ziada na seti mbili za mapanga. Chenji ikabaki ya nauli.

Kabla ya kulipa nilimwomba aiwashe na kuielesha juu ya meza yake. Nilitazama mambo machache tu. Kwanza inatulia kimo kile kile ukiachia kijiti? Hii ni muhimu kwa mtoto. Ndani kuna kitambuzi cha kanieneo ya hewa kinachosaidia kushika kimo, na bila hicho anayeanza anahangaika na kijiti kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Pili, mota zote nne zinalia sauti moja? Nilizisikiliza, kisha baada ya kutua nikagusa chini ya kila moja: iliyo na joto kuliko wenzake ina shida. Tatu, kuna kitufe cha kuzima mota papo hapo? Kilikuwepo.

Jambo ambalo maboksi hayasemi ni kwamba kushika kimo si kushika mahali. Hizi ndogo zinajua ziko juu kiasi gani, hazijui ziko wapi. Jioni ya kwanza sebuleni ilikuwa inakwenda dirishani kila ilipopaa, binti yangu akaanza kulaumu kiwanda. Ilikuwa ni pangaboi. Tulipolizima ikatulia. Kilichobaki tulikirekebisha kwa kuiweka sakafuni palipo sawa kabisa na kuisawazisha upya kama karatasi yake inavyoelekeza, halafu vitufe vidogo vya pembeni mwa vijiti vikamalizia.

Masomo niliyapanga kama ninavyopanga vipindi. Kwanza kupaa hadi usawa wa kifua, kukaa, kutua. Basi, hakuna kwenda popote. Mkia wa droni unamwelekea yeye muda wote, kushoto kwake ndiko kushoto kwa droni. Tukaweka kandambili kwenye pembe za mkeka, atue juu ya anayotajiwa. Alipoanza kuchoka na wepesi ndipo nikamwambia aigeuze imtazame usoni. Hapo kila kitu kinapinduka, ukisukuma kulia inakwenda kushoto, na nilimwona mwili mzima ukipinda kumsaidia mkono. Kuna kitufe kinachoondoa tatizo hilo, droni inafuata upande wa aliyeshika rimoti bila kujali imeelekea wapi. Nilimkataza kukigusa. Akizoea hicho, siku akipewa droni nyingine ataanza upya kabisa, na ugumu wenyewe wa kurusha uko hapo.

"Mama, lakini ingekuwa rahisi."

"Najua mwanangu. Geuza tena."

Kuvunjika kulikuja kama kulivyotarajiwa, na sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Panga moja lilichanika baada ya kupiga mguu wa kiti. Akachukua jipya kwenye kifuko, akalibana, akawasha. Droni ikajipindua papo hapo, kichwa chini. Akajaribu tena, ikapinduka tena upande ule ule. Sikumwambia kitu, nikampa ile lenzi yangu ya kukuzia. Kwenye kitovu cha kila panga kuna herufi ndogo mno, A au B. Mota mbili zinazotazamana kwa pembe zinazunguka upande mmoja, mbili nyingine upande wa pili, ili mwili wenyewe usizunguke, na panga limekatwa kufuata upande wake. Yeye alikuwa ameweka A penye B, kwa hiyo kona hiyo ilikuwa inasukuma hewa juu badala ya chini. Alipoelewa akachukua daftari akachora mraba wenye mishale minne. Nimefundisha sheria ya tatu ya Newton miaka mingi, na mara chache nimeona mwanafunzi akiihitaji kiasi hicho.

Mota nazo zina rangi za nyaya zinazotofautisha upande. Zetu ni nyekundu na bluu kwa wanaozunguka kufuata saa, nyeusi na nyeupe kwa wenzao. Moja ilipokufa tulimpelekea fundi simu wa hapa mtaani, akailehemu kwa elfu mbili huku akituuliza tumekitoa wapi kidude hiki. Kabla ya kuhukumu kwamba mota imekufa, angalia kwanza chini ya panga. Nywele na nyuzi za mkeka hujisokota kwenye kijiti cha chuma hadi mota inashindwa kuzunguka na kuchemka. Chomoa panga, toa uchafu kwa kibano cha nyusi, mara nyingi inafufuka.

Betri ndilo jambo ambalo sikumwachia mtoto. Ni ndogo, volti 3.7, dakika tano au sita hewani imekwisha, na kuichaji kwa waya wa USB inachukua kama saa nzima. Ndiyo maana nilinunua za ziada, maana mtoto aliyesubiri saa nzima kwa dakika tano anarudi kwenye runinga. Lakini betri za aina hii za lithiamu zinashika moto zikitendewa vibaya. Kwetu zinachajiwa juu ya sahani ya udongo, mezani, mtu akiwepo macho, kamwe si kitandani wala usiku. Ikitoka hewani ina joto inapoa kwanza. Iliyovimba, hata kidogo, haichajiwi tena. Na droni ikikwama mahali mota zikiwa zinazunguka, zima kwanza ndipo uishike. Nywele zake ni fupi za shule, ila mabinamu wenye rasta nimewaambia wafunge kitambaa au wakae mbali.

Wanaoniuliza kama wanunue ya elfu arobaini ninawaambia inategemea jambo moja: ina kushika kimo au haina? Zipo nzuri za bei hiyo. Isiyo na hicho, mtoto mdogo ataitupa kabatini kwa hasira. Na mwenye kijana mkubwa, wa miaka kumi na sita na simu yake mwenyewe, namwambia aanze na Tello moja kwa moja, iwe hata iliyotumika.

Maana na sisi tumefika huko. Binti yangu sasa anapita kati ya miguu ya meza ya ukumbini uso wa droni ukimwelekea, na anataka Scratch. Kuna mwalimu mwenzangu anauza Tello yake. Nilikwenda kuiona usiku, kwenye vigae vyake vyeupe vinavyong'aa, ikawa inateleza ovyo, akadhani nitaikataa. Ile kamera ya tumboni inahitaji mwanga na sakafu yenye alama za kuangalia. Tukatandika kitenge chenye maua, tukawasha taa zote, ikaganda hewani. Betri yake moja imevimba, hiyo nimemwambia haina bei. Nyingine ni nzima. Anataka laki mbili na nusu, mimi nimesimama kwenye laki na themanini, na binti ameahidi kutoa elfu ishirini ya Idi. Bado tunavutana.