Bahasha ya kiini cha seli hufungwa vipi

Vitabu vya shule hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: seli ikishagawanyika, utando wa kiini hutokea tena. Mwanafunzi huikariri, maksi anapata, na anabaki akiamini kuwa utando huo unatengenezwa upya kutoka hewani. Sivyo. Ulikuwepo muda wote, ila ulikuwa mahali pengine ukifanya kazi nyingine. Kazi ngumu ni kuurudisha mahali pake na kuuziba usivuje.

Tuanze na umbo. Kiini kimefunikwa na tando mbili, ndizo bahasha yake, zilizoachana kwa nanomita 30 hadi 50. Ule wa nje umeungana moja kwa moja na retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa mirija na bapa uliotapakaa ndani ya seli. Ule wa ndani, katika seli za wanyama, umetandikwa wavu wa protini ziitwazo lamini. Halafu yapo matundu. Anayetaka kujua tundu limekaaje aishike kofia ya viua ya Lamu aitazame kwa karibu: vitambaa viwili, na kila penye kiua ukingo wa kitambaa cha juu umeshikanishwa na wa chini, ukazungushiwa uzi. Kwenye kiini, uzi huo ni protini za aina kama 30, zimejipanga pande nane kuzunguka, upana wa tundu zima nanomita 120 hivi. Kwa hiyo tando mbili kwa kweli ni utando mmoja uliokunjwa ukingoni mwa kila tundu. Asiyelielewa hilo hataelewa yanayofuata.

Seli ya mnyama inapojiandaa kugawanyika, kimeng'enya CDK1 hubandika fosfati kwenye lamini, kwenye protini za matundu na kwenye protini zinazoushika utando kwenye DNA. Wavu unaachana, matundu yanavunjika vipande vipande, na tando zinarudi kwenye retikulamu. Kujenga ni kinyume chake: saiklini B, protini inayoiwezesha CDK1 kufanya kazi, inaharibiwa, CDK1 inapoteza nguvu, na vimeng'enya vingine, PP1 na PP2A, vinabandua zile fosfati. Saiklini B ikikataa kuharibika, bahasha haifungi hata kama viungo vyote vipo tele.

Katika seli za binadamu, dakika chache tu baada ya kromosomu kuanza kuvutwa kwenda ncha mbili, retikulamu huanza kuzigusa. Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaifikirii. Kromosomu zetu ni 46, kila moja peke yake. Nini kinazuia utando usipenye katikati yao na kufunga kila moja kwenye kiini chake? Jibu ni BAF, protini ndogo ya amino asidi 89 tu. Hutembea mbili mbili, na kila jozi hushika DNA sehemu mbili kwa mpigo, hivyo juu ya rundo la kromosomu linatokea gamba ambalo utando hauwezi kulipenya. BAF ikiondolewa, seli inaishia na viini vidogo vidogo badala ya kimoja.

Matundu hayangoji utando umalize. Protini iitwayo ELYS hutangulia kukaa kwenye DNA, ikaita kundi la protini za matundu liitwalo Nup107, na wengine wakafuata. Wakati wa mgawanyiko protini hizi zilikuwa zimekamatwa na protini nyingine, importini beta. Anayezifungua ni Ran, protini ndogo, ikiwa imebeba molekuli iitwayo GTP, na Ran huipata GTP hiyo karibu na kromosomu tu, kwa sababu RCC1, protini inayoipa, imekaa kwenye kromosomu zenyewe. Ndiyo maana bahasha hujua pa kujengwa. Mwaka 2000 Chuanmao Zhang na Paul Clarke walipaka Ran kwenye vishanga visivyo na DNA hata chembe, wakavitia katika rojo la mayai ya chura, na bahasha yenye matundu ikavizunguka. Kwangu mimi jaribio hilo lina uzito kuliko michoro yote ya vitabuni.

Sasa kuziba. Utando hauwezi kufunga sawasawa pande zote, maana nyuzi zilizovuta kromosomu bado zimechomeka mle. Kila penye uzi pamebaki uwazi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kazi hiyo inafanywa na ESCRT-III, kundi la protini lile lile linalokata shingo ya virusi vya UKIMWI vinapotoka kwenye seli. LEM2, protini ya kwenye utando, huita protini CHMP7, hiyo ikaita wenzake, wakajikunja kama duara ndani ya uwazi na kuubana. Kimeng'enya kiitwacho spastini kinakata uzi uliochomeka, kisha kingine, VPS4, kinatumia ATP, nishati ya seli, kuwapangua wafanyakazi hao. ESCRT-III ikikosekana, kiini kinavuja: kinachotakiwa kubaki ndani kinatoka.

Balaa kubwa zaidi ni kromosomu iliyochelewa katikati ya nyuzi. Hiyo hupata bahasha yake peke yake, lakini nyuzi huzuia baadhi ya protini zisifike, hivyo matundu yanakuwa haba na lamini B1 pungufu. Kiini kidogo hicho hupasuka kirahisi na DNA iliyomo ikakatika vipande, jambo linaloonekana sana kwenye saratani.

Kwa mwalimu mwenye darubini ya kawaida: tando zenyewe hamtaziona, kwani mwanga hautenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Ila hatua mtaziona kwenye mzizi wa kitunguu maji (mimea haina lamini, waambieni wanafunzi). Kalisheni kitunguu juu ya glasi, kitako tu kiguse maji, na maji yabadilishwe kila siku, la sivyo kwa joto la pwani kitaoza. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Tumieni ya mvua. Mizizi ikifika sentimita 1 au 2, kata ncha, iloweke kwenye mchanganyiko wa ethanoli 3 kwa asidi ya asetiki 1, kisha asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwa nyuzi joto 60 za Selsiasi dakika 5, suuza, tia asetokarmini (rangi inayozionyesha kromosomu), ponda chini ya kioo bila kukisogeza kando. Bakisheni milimita 2 za mwisho tu. Juu ya hapo seli hazigawanyiki. Kwenye ukuzaji wa mara 400, tafuteni marundo mawili meusi yenye mstari mwembamba wa ukuta mpya katikati. Rundo lenye kingo za kuparuza bado halijafungwa vizuri. Lililolainika likaanza kuonyesha nukleoli (doa la duara la kiini) ndani, limefungwa.